Kubandua Bila Kuvunja

Mkate wa kumimina husifiwa kwa mengi: weupe wa mchele uliorowekwa usiku kucha, uzito wa tui, harufu ya iliki, na jinsi unavyoumuka hata ukafanya matundu kama sega la asali. Husimuliwa pia moto wake, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Saa isiyosimuliwa sana ni ile ya mwisho, pale mkate umekwisha iva na bado umeshikwa na sufuria. Hapo ndipo kazi ya siku nzima husalimika au huharibika. Nami niliyetumia umri wangu kutoa mashairi katika lugha moja na kuyatia katika nyingine, naiona saa hiyo inastahiki kuandikiwa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mjane, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 alituendeshea nyumba, huko Ng'ambo ya Mji wa Unguja, kwa mikate ya kumimina na ya mayai. Zama hizo sukari ilikuwa adimu, na kila kikombe kilichoingia katika unga kilikuwa kimetafutwa kwa taabu. Mkate uliotoka mzima ulikwenda barazani kuuzwa. Uliovunjika haukuuzika, kwani anayenunua futari ya wageni hanunui vipande. Huo tulipewa sisi watoto. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na dua mbili: Bibi akiomba mkate utoke salama, na sisi tukiomba umeguke. Dua yake ndiyo iliyokuwa ikijibiwa zaidi, na kwa hilo nalipata daftari, na baadaye kamusi ya Kiingereza iliyochakaa, ambayo ndiyo iliyokuwa skuli yangu baada ya skuli kwisha.

Siri yake ya kwanza ilikuwa kwamba mkate hubanduliwa kabla haujamiminwa. Sufuria ya mikate haikuwa ya mchuzi wala ya wali. Nyingine zilisuguliwa kwa mchanga na makumbi mpaka zikametameta. Hiyo ilioshwa kwa upole na kupanguswa, kwa kuwa mikwaruzo ya bati ndiyo makucha ya kunatia. Aliiweka motoni na samli yake mpaka ikapata moto barabara, akaizungusha samli ipande kandoni, ndipo akamimina. Unga ukikutana na samli ya moto hushikamana wenyewe kwa wenyewe upesi, ukafanya ngozi. Ukikutana na chombo baridi hushikamana nacho. Mkate wa mayai, ambao ndani yake hamna mafuta, ulidai zaidi: samli, kisha unga mkavu uliokung'utwa juu yake.

Siri ya pili ni kungoja, na hapa ndipo wengi hupotea. Mkate ulioepuliwa sasa hivi ni dhaifu kuliko unavyoonekana. Ndani yake mna mvuke, na wanga wa mchele bado ni laini. Ukiupindua wakati huo utameguka katikati, chini kubaki na juu kuja. Uachwe upumue, robo saa hivi. Mvuke hutoka, wanga hukaza, na mkate hujikunja kidogo ukaachana na kando za chombo kwa hiari yake. Lakini ukisahauliwa mpaka ukapoa kabisa, unyevu hurudi chini ukaulowesha, na sukari iliyoyeyuka chini hugeuka gundi.

Wahenga walituachia methali mbili ambazo huonekana kugombana. Moja yasema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ya pili, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mimi naliziona zikipatana juu ya sufuria ya Bibi. Kati ya pupa na kuchelewa pana kipindi kifupi, nacho hakijulikani kwa saa ya ukutani. Bibi alikijua kwa kiganja alichokiweka ubavuni mwa sufuria: pakistahimilika, ndipo. Alipitisha kisu butu ukingoni, akafunika sinia juu, akavishika viwili kwa kitambaa na kupindua kwa mara moja, bila kusita. Mkate ukikataa hakuupiga wala kuutikisa. Aliirudisha sufuria juu ya makaa yanayofifia kwa muda mchache, sukari ya chini ilegee, kisha akajaribu tena.

Katika kazi yangu ya tafsiri sijapata mwalimu bora. Shairi nalo limeokwa katika chombo, yaani sauti, vina na mizani ya lugha yake. Mfasiri mwenye pupa hulitoa likiwa la moto, neno kwa neno, na mistari ikamjia vipande. Anayekawia mno hulitafakari mpaka likageuka sherehe yake mwenyewe, na msomaji akapata maelezo mahali pa shairi. Sayyid Aidarusi wa Pate, alipoifasiri Hamziya ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, aliufuata kila mstari wa Kiarabu kwa mstari wa Kiswahili, hata msomaji akaona mkate na chombo chake pamoja. Shaaban Robert, katika Omar Khayyam kwa Kiswahili ya mwaka 1952, aliyapokea mashairi ya Kiajemi kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald cha 1859. Mkate ulikuwa umekwisha hamishwa chombo mara moja kabla ya kufika mikononi mwake. Kila mmoja alikuwa na njia yake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuukwepa ukoko.

Kwani ukoko hubaki. Hata mkate uliotoka mzima huacha kitu chini, utando wa hudhurungi uliokolea sukari. Bibi hakuwa akiukwangua ili aubandike tena chini ya mkate. Angeuharibu mkate na kuichuna sufuria. Alituachia sisi, nao kwa ladha ulikuwa unashinda mkate. Vivyo hivyo katika kila shairi nililolifasiri, limebaki katika lugha yake jambo ambalo sikulileta: mchezo wa sauti, au neno lenye maana mbili. Atakaye hilo na ajifunze lugha ile, alile humo humo chomboni.

Kwa hiyo vijana wanaoniuliza namna ya kuianza kazi hii huwausia kama nilivyoona: kipake chombo mapema, epua kwa wakati, ngoja kwa kiasi, pindua bila kusita. Na kilichoshika chini, usikikwangue.