Kuteremka kwa Gia

Miaka ile naanza kuendesha trela kati ya Mombasa na Malaba, tulikuwa tukilala Salgaa. Malori yalijipanga pande zote mbili za barabara, dizeli na nyama choma zikinuka pamoja, muziki ukilia hadi alfajiri. Wanawake walikuwa tele: wenye hoteli, wauza mitumba, na wale waliosubiri madereva. Mwanamke mwenye funguo za gari ndiye watu hawakujua wamweke wapi. Nikiomba chumba, mhudumu alimtazama tanboi wangu na kumwuliza, "Dereva, ni chumba kimoja?" Kijana akacheka: "Dereva ni huyu mama. Mimi nalala kwa gari."

Hayo niliyazoea. Shida ilikuwa mteremko. Kutoka Mau Summit barabara hushuka kupitia Sachangwan hadi Salgaa, na hapo ndipo uanaume wa dereva ulipopimwa. Wengi waliweka nyutro, mzigo ukajisukuma wenyewe. Dizeli waliyookoa iliuzwa kwa mitungi kandokando ya barabara, ikawa pesa ya mfukoni. Mimi niliingiza gia nzito kule juu, gari likiwa bado halijashika kasi, nikaiachia injini kazi ya kuuzuia mzigo. Walionipita walinipigia honi. Usiku, kwenye ugali, wakaniuliza kama nimebeba mayai.

Si kwamba hawakujua. Ukiweka nyutro, injini haizuii tena kitu. Breki hubeba kazi yote, hupata moto, na mwishowe hukataa kushika. Jioni moja nililikuta lori lililokuwa limenipita likifuka moshi kwenye magurudumu ya nyuma. Tanboi wake alimwagia ringi maji, yakachemka papo hapo na kumrukia mkononi. Dereva alikuwa ndani ya hoteli, anaagiza chapati.

Barabara ile imetuzika wengi. Januari 31, 2009, watu walikuwa wakichota petroli ya lori lililopinduka Sachangwan moto ulipolipuka. Zaidi ya 100 walikufa. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, wakafa watu 36. Baadaye serikali iliweka ukuta wa zege katikati ya barabara, magari yanayopanda yasikutane na yanayoshuka. Ukuta umesaidia, lakini gia bado iko mkononi mwa dereva.

Wasichana wanaochukua leseni ya trela siku hizi huniuliza nilivumiliaje kuchekwa. Nawajibu kwamba waliokuwa wakinicheka walikuwa na tanki la kuuza, mimi nilikuwa na watoto wa kurudia. Kisha nawapa la maana zaidi: wakifika juu, wasimame, wakague upepo wa breki, tanboi agonge matairi yote kwa chuma, na gia iingie kabla barabara haijainama. Atakayepiga honi nyuma, wampishe apite.