Diski Moja na Figa Moja

Kompyuta ndogo ya kuchukuliwa huitwa mpakato kwa sababu hupakatwa kama mtoto. Jina hilo lina upendo ndani yake na hofu vile vile, maana kinachopakatwa huweza kuanguka. Siku kompyuta hiyo ikataapo kuwaka, mwenyewe hudhani kuwa kila kitu kimekufa pamoja nayo. Aghalabu dhana hiyo si kweli. Kioo huweza kupasuka, betri kuchoka, au ubao mkuu kuungua kwa umeme uliokatika ukarudi kwa kishindo, na diski itunzayo maandishi ikabaki nzima kama mbegu ndani ya tunda lililooza.

Katika Mafiga, kata mojawapo ya Manispaa ya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, msiba kama huo si mdogo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko jirani. Mwanafunzi wa misitu aliyepanda milima kwa misimu miwili, akapima miti, akachota udongo na kuandika mvua ya kila siku, hana njia ya kuirudisha mvua iliyokwisha kunyesha. Kazi yake yote imo katika kisanduku chembamba kuliko daftari. Fundi hufungua parafujo chache, hukitoa kisanduku hicho, hukitia katika kasha la plastiki lenye waya, na kukiunganisha na kompyuta nyingine. Majalada yakitokea, mwanafunzi hupumua kama mtu aliyeopolewa mtoni.

Hapana uchawi katika jambo hili. Diski ya kompyuta mpakato hujulikana kama diski ya inchi 2.5. Upana wake ni kama milimita 70, urefu wake 100, na unene wake mara nyingi 7 au 9.5. Ndugu yake mkubwa wa inchi 3.5, akaaye katika kompyuta za mezani, hudai umeme wa volti 12, kwa hiyo hawezi kusafiri bila ya kifaa chake cha umeme. Huyu mdogo huridhika na volti 5, nazo hupatikana katika tundu la USB lenyewe. Waya mmoja humlisha na kumsemesha. Walakini huanza safari kwa njaa: sahani zake zianzapo kuzunguka, aghalabu huomba karibu ampea 1, hali tundu la USB la aina ya pili limeahidi miliampea 500 tu, na la aina ya tatu 900. Tundu likiwa dhaifu, diski hulia kwa kugonga-gonga na haifunguki. Si kila diski igongayo ni mgonjwa. Nyingine ina njaa tu. Yafaa kujaribu tundu jingine au waya wenye vichwa viwili kabla ya kukata tamaa.

Udogo huu ulipatikana kwa kazi ndefu. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa diski ya kwanza ya biashara: sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote pamoja zilitunza herufi milioni 5. Mwaka 1988 kampuni ya PrairieTek ilileta diski ya inchi 2.5 yenye megabaiti 20. Diski ya terabaiti 1 ya umbo lile lile hubeba mara 50,000 ya hizo, na hukaa mfukoni.

Lakini mfuko si makao iliyozaliwa kwayo. Ndani ya diski ya sahani, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache. Ikianguka hali inazunguka, hukwaruzwa, na palipokwaruzwa hapasomeki tena. Diski isiyo na sahani huvumilia kuanguka, lakini ikiwekwa miaka mingi bila ya umeme huweza kusahau ilichokabidhiwa. Tena, diski iliyotolewa katika kompyuta nzee ni nzee pia. Kasha jipya halirudishi ujana.

Iko na haki ya watu wengine. Diski iliyonunuliwa kwa fundi yaweza kuwa na barua, picha na vyeti vya asiyejulikana. Kufuta jalada kwa kawaida huondoa jina lake katika orodha tu. Maandishi hubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, lakini hata pasipo sheria, mwungwana hasomi barua isiyo yake. Auzaye na aisafishe, anunuaye asichungulie.

Hatari kubwa kuliko zote huja baada ya furaha. Mwenye diski, akiisha kuona kuwa ina nafasi tele, huhamishia humo kila kitu, kisha hufuta katika kompyuta mpya ili aipunguzie mzigo. Hudhani ana akiba. Hana. Kuhamisha si kunakili. Alikuwa na kitu kimoja mahali pamoja, na sasa ana kitu kile kile kimoja mahali pengine palipo dhaifu zaidi.

Mafiga, kama ijulikanavyo, ni mawe matatu ya kuinjikia chungu, na wazee wamesema figa moja haliinjiki chungu. Watunzaji wa kumbukumbu nao wamefikia hesabu hiyo hiyo: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali. Moja na ikae katika kompyuta, moja katika diski ya kasha, na moja kwa ndugu aliye Dar es Salaam au katika hazina ya intaneti. Diski iliyookolewa ni figa jema. Atakayeinjika juu yake peke yake kazi ya misimu miwili asimlaumu fundi wala umeme chungu kikipinduka.