Ngozi Iliyogeuka Katika Njia ya Chakula

Nani asiyejua moto ule unaopanda kifuani mtu akilala ameshiba? Huitwa kiungulia. Kwa wengi hupita, na kesho yake wameusahau. Lakini wako watu ambao huwarudia siku kwa siku, miaka kumi, miaka ishirini. Maji makali ya tumbo hupanda na kuunguza umio, ndiyo njia inayoshusha chakula toka kooni mpaka tumboni. Umio ukiunguzwa hivyo muda mrefu, kwa watu wengine ngozi yake ya ndani hugeuka: iliyokuwa nyeupe inakuwa nyekundu, ikifanana na ngozi ya matumbo.

Hali hiyo huitwa kwa jina la Norman Barrett, mganga mpasuaji wa London, aliyeandika juu yake mwaka 1950. Yeye alidhani ni tumbo lenyewe lililovutwa juu. Allison na Johnstone walionyesha mwaka 1953 kwamba ni umio kweli, na mwaka 1957 Barrett alikubali. Hata hivyo jina lilibaki lake. Ndivyo dunia inavyogawa sifa.

Sisi tunaoandika haya tunayo ngozi hiyo, urefu wake sentimita 4. Waganga waliiona mwaka 2016 huko Ubelgiji, tulikokuwa kwa kazi. Walipotaja kansere, maneno mengine ya siku ile hatukuyasikia. Ni kweli, kansere yaweza kuzaliwa katika ngozi hiyo, na mtu akingoja mpaka chakula kianze kukwama, mara nyingi amechelewa. Lakini kuweza si kulazimika. Mwaka 2011 waganga wa Denmark walitangaza hesabu ya wagonjwa 11,028: kwa mwaka mmoja kansere ilimpata mtu 1 hivi katika 860. Hesabu hiyo tuliirudia usiku mara nyingi. Mtu 1 katika 860 ni kitu kidogo. Ila miaka ni mingi, na kila mwaka kura hupigwa upya. Tena kura hiyo huwaelekea zaidi wanaume, wazee, wavuta tumbako na wenye kitambi.

Kwa hiyo tunachunguzwa kila miaka mitatu. Mwenye ngozi fupi, chini ya sentimita 3, aweza kungoja mitano. Tunafika bila kula, koo linatiwa ganzi, kisha mpira mwembamba wenye taa unashushwa. Mganga anachuna vipande vidogo vinne kila sentimita 2, navyo vinapimwa kwa mikroskopi. Kuchunwa hakuumi. Kungoja majibu ndiko kunakouma.

Mjomba wetu alituuliza, “Mpwa wangu, wewe huumwi tena. Unawafuata waganga wa nini?” Swali lake lina haki. Lakini hapo ndipo ugonjwa huu unapodanganya: ngozi mpya haisikii ukali wa maji yale kama ile ya kwanza, hata mtu aweza kujiona amepona na kumbe ngozi imegeuka.

Mwaka 2022 jibu lilikuwa baya kuliko “ndiyo”: chembe hazikueleweka. Mganga wa pili alizitazama, naye hakuweza kukata shauri. Tukaongezewa vidonge vya kupunguza ukali wa tumbo, tukaambiwa turudi baada ya miezi sita. Miezi ile ilikuwa mirefu. Tulijua kwamba siku hizi chembe zikianza kuharibika, waganga huweza kuunguza ngozi ile kwa njia ya mpira uleule, pasipo kupasua kifua. Lakini kujua si kulala usingizi. Mwaka 2023 vipande vilionekana safi, tukarudishiwa miaka yetu mitatu.

Tulipomweleza mjomba, aliuliza kama na yeye ashushiwe mpira. Hapana, si kila kiungulia kinadai hivyo. Tena kansere ya umio katika Afrika ya mashariki mara nyingi ni ya namna nyingine, huanzia katika ngozi ile nyeupe, na wanaoikaribisha ni pombe na tumbako. Mwaka 2016 shirika la dunia linalochunguza kansere lilisema kwamba hata vinywaji vyenye moto kupita digrii 65 yamkini huileta. Mjomba hunywa chai ikitoka jikoni. Aliweka kikombe mezani, akakitazama kinavyofuka, akatuuliza digrii 65 ni kiasi gani.