Wino Unaofutika na Hati Isiyopaswa Kufutika

Printa imeingia majumbani mwetu kama ilivyoingia cherehani zamani: kwanza kwa fundi, kisha kwa jirani, mwishowe sebuleni. Kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, na kutoka huko kwenda Masumbwe, Katoro na Geita, si ajabu kukuta mashine hiyo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kutarizi. Watoto huchapia maswali ya mazoezi, walimu wa madrasa huchapia mitihani na ratiba za Ramadhani, na wazee huchapia makubaliano. Katika ukanda huu wa dhahabu makubaliano hayaishi: ubia wa duara, mgao wa mifuko ya mawe, deni la pampu au la karasha, kiwanja kilichonunuliwa kwa fedha iliyotoka ardhini.

Nyumbani kwetu Kahama tunazo printa mbili, moja ya wino wa maji na nyingine ya tona. Majirani wanalijua hilo, na mara kwa mara hubisha hodi wakiwa na katriji mkononi kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Tumeona vyema tuyaandike yale tunayowaeleza, pamoja na jambo moja ambalo wengi hawaliulizi mpaka maji yamekwisha kumwagika.

Tuanze na printa ya wino, kwa kuwa ndiyo inayosumbua zaidi. Adui wake mkubwa ni ukavu. Wino hupita katika vitundu vyembamba kuliko unywele, na kiangazi chetu, Juni hadi Oktoba, hukausha kila kilicho wazi. Mashine ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa cha kuchapia hurudi pembeni na kufunikwa na mpira wake. Ikizimwa kwenye soketi, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa huweza kubaki wazi na wino ukagandia mdomoni. Kwa hiyo umeme ukirudi, iwasheni, iacheni imalize kujipanga, kisha muizime kwa kitufe chake.

Karatasi ikitoka na mistari myeupe, msikimbilie kununua katriji mpya. Chapeni kwanza ukurasa wa majaribio, ule unaoonyesha vitundu vipi vimeziba. Kisha agizeni mashine isafishe kichwa, mchape tena na kulinganisha. Fanyeni hivyo mara mbili, au tatu kwa wingi. Kila usafishaji hunywa wino na kuumwaga katika sifongo iliyo ndani ya mashine, na anayesafisha mara kumi anamaliza wino bila kuchapa hata neno moja. Baada ya mara ya tatu, izimeni na muiache ipumzike saa 12. Mara nyingi wino ulioganda hulainika wenyewe. Kinga ni rahisi kuliko tiba: kila Alhamisi sisi huchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote, hata kama hakuna kazi.

Mashine ikisema haiitambui katriji, itoeni na mtazame mambo mawili. La kwanza ni utepe wa plastiki unaofunika katriji mpya, ambao wengi husahau kuubandua wote. La pili ni vile vibati vya rangi ya shaba vinavyogusana na mashine. Vumbi letu hukaa hapo. Vifuteni taratibu kwa kitambaa kisicho na manyoya kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, viacheni vikauke, kisha mrudishe.

Tona ni jambo jingine kabisa. Si wino wa maji, bali ni unga laini wa plastiki ambao, ukiwa mweusi, huchanganywa na masizi ya kaboni. Mashine huutandaza juu ya karatasi kwa nguvu ya umeme, kisha huuyeyusha kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selisiasi hadi ushike katika nyuzi za karatasi. Ndiyo maana printa ya tona inaweza kukaa miezi miwili bila kazi na isizibe.

Nayo ina maradhi yake. Herufi zikififia upande mmoja, itoeni katriji, muitikise taratibu kulia na kushoto mara tano au sita ili unga usambae. Mtapata kurasa kadhaa kabla ya kwenda dukani. Msiiguse ngoma yake inayong'aa, wala msiiache juani, kwa kuwa mwanga huiharibu. Doa likijirudia kwa umbali uleule katika kila ukurasa, yaelekea ngoma hiyo au gurudumu mojawapo limekwaruzwa. Maandishi yakifutika kwa kidole, joto halikuushika unga: pengine karatasi ni nene au ina unyevu, pengine mashine imepangiwa aina nyingine ya karatasi, au sehemu ya kuyeyushia imechoka. Na unga ukimwagikia kanzu, upukuteni kwanza, kisha tumieni maji baridi. Maji ya moto huweza kuugandisha ndani ya nguo.

Kuhusu katriji zilizojazwa upya, hatuzikatazi. Nyingine hufanya kazi vizuri na hupunguza gharama. Tunachodai ni muuzaji aseme ukweli. Katriji iliyojazwa ikiuzwa katika boksi jipya kwa bei ya mpya, hapo si biashara tena, ni ghushi. Mkumbuke pia kwamba idadi ya kurasa inayoandikwa juu ya boksi hukadiriwa kwa ukurasa ambao wino umefunika takriban asilimia 5 tu, yaani barua fupi. Ukurasa wenye picha na vichwa vizito humaliza katriji mapema, wala muuzaji hana hatia hapo.

Sasa tufike kwenye lile jambo lisiloulizwa. Wazee wetu walijua kuwa wino si mmoja. Walioandika kombe waliandika kwa zafarani katika sahani, kwa kuwa walitaka maandishi yayeyuke yakiguswa na maji. Aliyetaka maandishi yaishi alitumia wino wa masizi katika karatasi. Kila wino ulikuwa na kazi yake, na mwandishi alijua ameshika upi.

Printa zetu nazo zimegawanyika vivyo hivyo. Wino mwingi wa nyumbani ni rangi iliyoyeyushwa katika maji, jamaa ya zafarani ya kombe: tone la mvua huutawanya, na jua la dirishani huupausha. Upo pia wino wenye chembe zisizoyeyuka, ambao huvumilia zaidi. Tona ni jamaa ya masizi. Tena zipo mashine ambazo, katriji nyeusi ikiisha, huchanganya rangi nyingine ili kuunda weusi. Ukurasa hutoka ukionekana mzuri, lakini ukiutazama vyema weusi wake una ukijani au uzambarau, na hauvumilii maji hata kidogo.

Wakati wa mvua za Aprili, mwaka juzi, alitujia mama mmoja mtu mzima, mjane. Mumewe alikuwa mbia katika duara upande wa Nyarugusu, mkoani Geita, na alikuwa amefariki miezi michache kabla. Alitoa katika mkoba karatasi iliyokuwa imehifadhiwa chini ya godoro, katika chumba kinachovuja. Maneno yaliyochapwa yalikuwa yamegeuka wingu la buluu. Chini yake sahihi nne za kalamu ya bolpeni zilisimama kamili, kila jina likisomeka. Akatuambia, "Wanangu, sahihi zipo. Maneno yamekwenda wapi?"

Hatukuwa na jibu la kumfaa. Kwa kauli yake marehemu alikuwa na robo ya mgao. Mbia mmoja alisema ni fungu la kazi tu, ambalo lilikwisha alipoacha kushuka shimoni. Wawili wengine walisema hawakumbuki vizuri. Sahihi za watu wanne zilithibitisha kwamba walikubaliana. Walikubaliana nini, karatasi haikuweza tena kusema. Na nyuma ya robo ile walikuwapo mayatima watatu, na mirathi ambayo haiwezi kugawanywa bila kujulikana kiasi chake.

Tukamwuliza kama karatasi ile iliwahi kutolewa fotokopi. Akafikiri, akakumbuka kwamba shemeji yake wa Katoro aliombwa aweke nakala. Wiki ya pili shemeji alifika nayo, imekunjwa mara nne, ina madoa ya maji kama ile nyingine, na kila neno linasomeka. Fotokopi ni kazi ya tona. Ikasomwa barazani baada ya Alasiri, mbele ya wabia wote na wazee: robo moja. Mbia aliyekuwa akibisha aliitazama sahihi yake kwa muda, akasema, "Ni yangu, nami nimesikia." Mama akapata mgao wake.

Njia ile ya kunakili ilibuniwa na Chester Carlson mwaka 1938 huko New York, naye alikuwa mtu wa ofisi inayoshughulikia haki za uvumbuzi, aliyechoshwa na kunakili hati kwa mkono. Haja yake ndiyo haja ya mama yule. Na sisi Waislamu tunakumbushwa haja hiyo katika Suratul Baqara, aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayoelekeza deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Anayetimiza agizo hilo kwa wino wa kuyeyuka ameandika kweli, lakini ameandika mpaka mvua ijayo.

Hivyo jaribuni wino wenu kabla haujajaribiwa na paa. Chapeni mstari mmoja, uacheni siku nzima ukauke, kisha mdondoshee tone la maji. Ukitawanyika, mashine hiyo iwe ya mazoezi ya watoto na ratiba za futari. Makubaliano, wosia na kumbukumbu za deni zichapwe kwa tona. Asiyenayo achape kwa alichonacho, kisha apeleke karatasi dukani itolewe fotokopi, na sahihi ziwekwe juu ya fotokopi hizo, moja kwa kila mhusika. Mkiziweka katika mifuko ya plastiki, tangulizeni karatasi nyeupe katikati, kwa sababu tona huweza kunatana na plastiki laini. Na nakala moja ilale nyumba nyingine, mbali na paa lenu.