Elimu ya Mwendo na Mzigo wa Kanazi

Ni machache ayafanyayo mtu mara nyingi kama kwenda, na ni machache ayafikiriayo mara chache kama hilo. Mtoto apigapo hatua ya kwanza nyumba nzima hushangilia. Baada ya siku hiyo mwendo husahauliwa, mpaka ukumbushwe na maumivu ya uzee. Elimu iliyojitwika kazi ya kuukumbuka mwendo kati ya siku hizo mbili huitwa kinesiolojia, jina lenye asili ya Kiyunani. Huchunguza jinsi mifupa, misuli, moyo na ubongo vinavyoshirikiana mtu atembeapo, alimapo, achezapo au ainuapo kitu. Mwaka 1964 Franklin Henry, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliandika makala mashuhuri akidai kuwa elimu ya viungo si ufundi wa kufundisha michezo tu, bali ni taaluma yenye maarifa yake yenyewe. Taaluma hiyo imekwisha kugawanyika katika matawi mengi, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili hukuta mbele yake orodha ndefu ya masomo, kila moja likimwita kwa sauti yake.

Orodha ya namna hiyo ilifika Kanazi, katika Wilaya ya Bukoba, mahali palipokuwa na ikulu ya Omukama Kahigi wa Kihanja zama za Wadachi. Huko nyumba zimefichwa na migomba. Chini ya migomba imo mibuni na maharage. Na nje ya vibanja imetanda rweya, mbuga ya majani yakatwayo na kuletwa nyumbani kwa kazi nyingi. Mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamke wa miaka 34, alikuwa amepata nafasi ya kusoma kinesiolojia katika chuo kimoja cha Marekani, naye alitakiwa kupeleka mpango wa masomo yake yote ya miaka miwili. Ada ililipwa na chuo. Lakini nauli ilitoka katika kahawa ya misimu miwili, na watoto wake wawili walikuwa wabaki na bibi yao. Kwa hiyo kila somo ambalo angeliandika katika karatasi ile lilikuwa na bei, na walipaji wa bei hiyo walikuwa watu watatu wasiokuwamo darasani.

Mpango wake wa kwanza ulifuata sifa. Tanzania ina haki ya kujivunia miguu ya watu wake. Mwaka 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Mwaka 1980, huko Moscow, yeye na Suleiman Nyambui walirudi kila mmoja na medali ya fedha. Mwalimu aliandika masomo yanayofuata njia hiyo: saikolojia ya michezo, ufundi wa kufunza wanariadha, lishe ya wanamichezo. Ulikuwa mpango mzuri, wala hapana ambaye angeucheka. Kasoro yake ilikuwa moja: ungaliweza kuandikwa na mtu yeyote wa mahali popote.

Jioni moja mama yake, mwenye miaka zaidi ya 60, alimwona ameinamia karatasi, akauliza:

“Hicho unachokwenda kusomea, mwanangu, ni kitu gani?”

“Ni mwendo wa binadamu, mama.”

“Mwendo wa nani?”

Mwalimu akamweleza habari za Bayi. Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: “Huyo alikimbia mikono mitupu. Mimi nimepanda mlima huu miaka 40 na maji kichwani. Yuko ajuaye kwa nini shingo yangu inauma?”

Swali hilo lilikuwa zito kuliko lilivyosikika, maana wataalamu wamekwisha kulikaribia, na hawakukubaliana. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo, wachukuao mizigo utosini, na wa Kikikuyu, wachukuao mizigo mgongoni kwa ukanda upitao pajini mwa uso. Wachunguzi, wakiongozwa na G. M. O. Maloiy, walipima hewa ya oksijeni waliyoitumia, kwa kuwa oksijeni hueleza ni nguvu kiasi gani mwili unateketeza. Wakaona kuwa mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza gharama hata kidogo. Zaidi ya hapo gharama ilipanda kwa kadiri ya mzigo. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walitoa sababu. Mtu atembeapo huinuka na kushuka kama timazi ibembeayo, na nguvu ya kushuka hugeuka kuwa nguvu ya kusonga mbele. Wanawake wale, wakiisha kujitwika, waliipoteza nguvu hiyo kidogo kuliko walipokuwa hawana kitu. Lakini mwaka 2010 uchunguzi wa Ray Lloyd na wenzake juu ya wanawake wa Kixhosa huko Afrika ya Kusini haukuiona nafuu hiyo kwa jumla. Uliona tofauti kubwa baina ya mtu na mtu, na shingo zilizolalamika.

Mwalimu alifanya hesabu ndogo. Mwanamke wa kilo 60 ana ruhusa ya kilo 12 kabla ya mwili kuanza kumdai, ikiwa watu wa 1986 walisema kweli. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20 na zaidi, yaani theluthi moja ya uzito wake. Tena waliopimwa walitembea mahali tambarare. Kanazi ni mlima na mteremko, na wakati wa mvua ni utelezi. Wala oksijeni haisemi habari za shingo: mwili waweza kuokoa nguvu na papo hapo ukaumia. Hapo ndipo lilipozaliwa swali lake: mzigo wa kichwani upandishwapo mlimani hugharimu nini, na shingo hubeba sehemu gani ya gharama hiyo?

Alipokwisha kulipata swali, orodha ilianza kumtii. Shahada nyingi za namna hiyo Marekani huhitaji krediti 30 au zaidi kidogo. Yake ilihitaji 30. Njia za utafiti, takwimu na semina zilichukua 9. Tasnifu ilichukua 6. Zikabaki 15, nazo ni masomo matano tu. Mwenye masomo matano hana ruhusa ya kupamba. Aliandika fiziolojia ya mazoezi, kwa ajili ya oksijeni. Bayomekaniki, kwa ajili ya mlima na shingo. Udhibiti wa mwendo, kwa kuwa ustadi wa kujitwika hufunzwa tangu utotoni. Egonomia, elimu ya kuipatanisha kazi na mwili wa mfanyakazi. Na somo la vyombo vya maabara, kwa sababu kifaa kisichosahihishwa husema uongo kwa tarakimu. Saikolojia ya michezo, aliyokuwa akiipenda, aliifuta. Takwimu aliiweka katika muhula wa kwanza, ijapokuwa aliiogopa, kwa maana mchunguzi lazima ajue atapima watu wangapi kabla hajampima hata mmoja.

Wakati nao ulidai hesabu. Likizo kuu ya Marekani huangukia Juni hadi Agosti, nayo Juni hadi Agosti ni kiangazi cha Kagera. Vipimo vingefanyika miezi hiyo, na kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pamoja na kile cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia vilipaswa kuombwa miezi mingi kabla. Lakini kiangazi huondoa utelezi, na utelezi ni sehemu ya swali. Mwalimu hakuificha kasoro hiyo. Aliandika katika mpango kuwa tasnifu yake itasema habari za njia kavu tu.

Mtu aweza kuuliza kwa nini asisome karibu. Maarifa hayo yapo Afrika ya Mashariki chini ya majina mengine: elimu ya viungo na sayansi za michezo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na utabibu wa viungo hufundishwa Moshi, huko KCMC. Swali la mwalimu lingaliweza kusomewa katika mji wowote kati ya hiyo. Yeye alifuata mlango uliomfungukia bila ada. Mwenye swali lake huweza kwenda mbali na akarudi nalo. Asiye na swali huweza kupotea hata karibu na kwao.

Mama aliposomewa mpango mpya alifurahi, akasema yeye atakuwa wa kwanza kupimwa. Mwalimu alilazimika kumkatalia. Hiari ndiyo msingi wa uchunguzi juu ya watu, na mama hawezi kumnyima mwanawe kitu kwa hiari iliyo kamili. Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama majirani watapimwa na yeye atazame tu. Akaambiwa ndivyo. Basi akasema kuwa itampasa kuendelea kuyapandisha maji kwa miaka hiyo miwili, tena kwa ajili ya watu watatu, maana wajukuu wataoga kila siku.

Mwalimu aliusikia mzigo huo ukiongezwa. Aliirudia karatasi, akasoma masomo matano mmoja mmoja, akiliuliza kila somo kama linastahili maji hayo. Manne yalistahili mara moja. La tano, udhibiti wa mwendo, alilifikiria mpaka taa ikapungua mafuta. Kisha akaliacha mahali pake, akatia sahihi.