Maneno ya Kibandiko

Utomvu wa mkonge hauchagui mtu. Mkata mkonge wa Korogwe, mgeni au mwenyeji, maji ya jani yakimmwagikia mkononi huwashwa, maana mna chembe zenye ncha kama za sindano. Mzio una tabia nyingine: huchagua. Watu kumi hupaka mafuta yale yale wakapendeza, wa kumi na moja akavimba. Na pengine yeye naye aliyatumia mwaka mzima kwa amani, huku mwili ukijifunza kuyachukia.

Hapo ndipo maneno “kwa ngozi nyepesi” yanapopungukiwa. Mzazi wa Handeni mwenye mtoto wa pumu ya ngozi hupanda basi hadi Korogwe, hutoa fedha iliyowekwa kwa mbegu, hununua chupa yenye maneno hayo, akaamini kuwa amenunua salama. Amenunua ahadi, na ahadi haimgharimu mwenye kiwanda kitu. Marekani serikali ilitaka mwaka 1975 bidhaa zijaribiwe kabla ya kuitwa zenye mzio haba. Mwaka 1977 mahakama ya rufani iliitangua kanuni hiyo, na hata leo neno hilo halina kipimo cha sheria huko.

Ukweli umo nyuma ya chupa, kwa herufi ndogo na lugha isiyo ya mnunuzi. Neno moja, parfum, laweza kusitiri manukato mengi. Linaloli na limonini, harufu za maua na ndimu, zikikaa hewani huzidi kuleta mzio. Lanolini hutoka katika manyoya ya kondoo, na ngozi nyingine haziivumilii. Methilisothiazolinoni huzuia mafuta yasioze. Umoja wa Ulaya uliikataza mwaka 2017 katika vipodozi vinavyopakwa na kuachwa mwilini. Wala uasili si kinga. Nta ya nyuki, ambayo Handeni inaijua sana, huweza kuchukua gundi ya mzinga, na gundi hiyo ina sifa mbaya kwa mzio.

Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yanayodharauliwa kwa urahisi wa bei, ni nadra kuleta mzio. Kipya kijaribiwe kwanza mahali padogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, siku saba hadi kumi. Pakitoka vipele, chupa ifuatane na mtoto kwa daktari. Bila majina yale madogo daktari hubahatisha.