Jina Lililo Kifuani

Mtu aweza kulibeba jina miaka na mikaka asiujue uzito wake. Ndivyo yalivyomfika kijana mmoja wa Kajiado aliyesomea Shule ya Lenana, kando ya Barabara ya Ngong, magharibi mwa jiji la Nairobi. Wanafunzi wa huko hujiita Laiboni, na timu yao ya raga huvaa jezi za rangi ya damu ya mzee. Walipokutana na Shule ya Nairobi, watani wao wa jadi, kijana alishangilia hadi sauti ikamkauka. Vijana wa kila kabila walilitamka neno la Kimaasai kwa pamoja, naye akajiona mwenyeji miongoni mwa wageni.

Shule hiyo ilianzishwa mwaka wa 1949 kwa ajili ya wavulana wa Kizungu, ikiitwa Duke of York. Baada ya uhuru ikapewa jina la Olonana, yule ambaye Waingereza walimwita Lenana, mwana wa Mbatian. Laiboni, ikumbukwe, hakuwa mfalme wala mkuu wa jeshi, bali mwaguzi na msimamizi wa matambiko. Waingereza ndio waliomfanya kuwa msemaji wa Wamaasai wote, maadamu walihitaji mtu wa kutia sahihi.

Mnamo Agosti 2004 kijana alikuwa chuo kikuu. Wamaasai waliandamana katikati ya jiji wakidai ardhi ya Laikipia, miaka 100 tangu mkataba wa 1904 uliowahamisha kutoka Bonde la Ufa. Babu yake alikuwa miongoni mwao. Jioni alibisha mlango wa chumba cha mjukuu wake, macho mekundu kwa vitoza machozi, akamkuta amevaa jezi ya zamani.

"Huyo unayemvaa kifuani," akasema, "ndiye aliyetoa malisho yetu."

Kijana alijitetea, na utetezi wake haukuwa wa kijinga. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, ndui imemaliza watu, na Sendeyo, nduguye Olonana, alikuwa akiwania nafasi hiyo hiyo. Angefanya nini? Aidha, mkataba wa 1911 ulitiwa sahihi yeye akiwa ameshafariki.

"Na Legalishu?" babu akauliza. "Aliyekataa kuhama, kesi ikapelekwa mahakamani mwaka wa 1913, ana shule gani?"

Kijana hakuwa na jibu. Huko Arizona, Shule ya Upili ya Red Mesa, yenye wanafunzi wengi Wanavajo, imecheza kwa jina la Redskins, jina ambalo klabu ya Washington iliacha mwaka wa 2020 kwa kuwa wengi waliliona tusi. La Lenana si tusi hata kidogo. Ni jina la heshima, na hapo ndipo ugumu ulipo: limeuheshimu upande mmoja wa ugomvi ambao haujaisha.

Asubuhi babu aliomba apelekwe akaione hiyo shule. Wakapanda matatu ya kuelekea Ngong. Kijana alikuwa ameikunja jezi na kuitia mfukoni mwa koti. Walipofika uwanjani, mzee aliegemea fimbo yake akautazama kutoka mlingoti hadi mlingoti, kijani kitupu, bila ng'ombe hata mmoja.

"Nyasi hizi," akauliza, "hukatwa na nani?"